Bei ya haki kwa mkulima mdogo wa zeituni: lipieni shamba, msilipie lita

Swali la msomaji: Sisi ni kaya 40 tulioungana kununua chakula pamoja. Tumempata mkulima mdogo wa zeituni mwenye miti 200 hivi, na tunataka kununua mafuta kwake moja kwa moja. Kikundi kimegawanyika. Wapo wanaosema tumlipe bei ya soko tuongeze asilimia kumi, na wapo wanaosema apange bei mwenyewe. Tena anaomba sehemu ya fedha kabla ya mavuno. Bei ya haki ni ipi, na malipo ya awali hayatatuweka pabaya?

Jibu: Nianze na hiyo asilimia kumi juu ya bei ya soko, kwa kuwa ndiyo inayovutia wengi na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zote. Bei ya soko haimjui mkulima wenu. Kwa kiasi kikubwa hupangwa na mvua za Hispania, nchi ambayo katika mwaka wa kawaida hutoa zaidi ya theluthi moja ya mafuta yote ya zeituni duniani. Msimu wa 2021/22 nchi hiyo ilikamua takriban tani milioni 1.5. Ukaingia ukame, msimu uliofuata ikaambulia tani 665,000 hivi, na ule wa 2023/24 nao haukuwa na nafuu kubwa. Mwanzoni mwa 2024 kilo moja ya ekstra vajini, yaani daraja la juu kabisa, ilikuwa ikitoka kinuni kwa takriban euro 9. Mwaka 2020 kilo kama hiyo ilikuwa euro 2 hivi. Mvua ziliporudi bei ikaporomoka, na kufikia Mei 2025 ilikuwa chini ya euro 4.

Ongezeni asilimia kumi hapo muone. Mwaka 2020 mngempa euro 2.20, fedha ambayo kwa mtu anayechuma kwa mkono mlimani haitoshi hata kuwalipa vibarua. Mwaka 2024 mngempa karibu euro 10, wanachama wenu wengi wangejitoa, na mkulima aliyepigwa na ukame ule wala asingekuwa na mafuta ya kuwauzia kwa bei hiyo nzuri. Mkulima mdogo hukosa mafuta bei inapopanda, na huwa na mafuta bei inaposhuka. Kikundi kinachofuata soko kinamfuata hadi huko shimoni.

Kuna sababu nyingine, na hii haionekani dukani. Siku hizi kuna mashamba yaliyopandwa miti 1,500 hadi 2,000 kwa hekta, imebanana kama ua, na mashine ndefu hupita juu ya mstari ikitikisa na kukusanya kila kitu ndani ya saa chache. Shamba la kizamani lina miti 100 hivi kwa hekta, mingi yake kwenye miteremko na matuta ambako trekta lenyewe linapita kwa taabu. Mafuta ya mashamba hayo mawili yanakutana kwenye soko moja, kwa bei moja. Kwa hiyo bei ya soko inakaribia gharama ya mashine, haikaribii gharama ya mikono.

Sasa hilo la pili, apange bei mwenyewe. Lina heshima ndani yake, lakini halitoshi. Muulizeni mkulima mdogo bei, na mara nyingi ataangalia jirani alipewa ngapi na dalali, ataongeza kidogo, kisha atawatazama kama mmeudhika. Katika hesabu yake hataweka siku zake mwenyewe za kupogoa, wala za mkewe na watoto wakati wa kuchuma. Mwaka ambao miti haikuzaa hatauweka kabisa, kwa sababu mwaka huo hakuuza kitu. Na hapo ndipo penye kiini cha swali lenu, kwa hiyo nitakaa hapo.

Mzeituni hauzai sawasawa kila mwaka. Maua ya mwaka ujao hutoka kwenye vitawi vinavyokua mwaka huu, wakati huohuo mti unalisha matunda ya mwaka huu. Mti ukibeba mzigo mkubwa, vitawi vipya vinakuwa vifupi na vichache, na mbegu zilizo ndani ya matunda zinatoa homoni zinazozuia vichipukizi visigeuke maua. Matokeo yake ni mwaka wa neema, kisha mwaka wa kupumzika, kisha neema tena. Kupogoa vizuri na kuchuma mapema hupunguza tofauti hiyo, lakini hakuifuti. Yeyote anayewaambia ana bei ya haki ya mafuta ya zeituni iliyopigwa kwa mwaka mmoja, amepiga nusu ya hesabu.

Tuchukue miti 200 ya mkulima wenu. Takwimu hizi ni za mfano, mtaweka zake halisi. Mwaka wa neema kila mti unatoa kilo 20, jumla kilo 4,000 za zeituni. Kila kilo 100 zikitoa kilo 16 za mafuta, anapata kilo 640. Mwaka wa kupumzika anavuna kilo 1,500, sawa na kilo 240 za mafuta. Matunzo ya shamba, yaani kupogoa, kulima chini ya miti, mbolea na kupambana na nzi wa zeituni, hayajali mti umezaa au haukuzaa. Tuseme ni euro 1,800 kila mwaka. Kuchuma: mwaka wa neema mtu mwenye reki ya mkono anamaliza kilo 100 kwa siku, basi ni siku za kazi 40. Mwaka mbaya matunda yametawanyika, mtu huyohuyo anahangaika mti baada ya mti na kupata kilo 60, basi ni siku 25. Siku moja ikilipwa euro 55, zikiwemo siku zake mwenyewe na za familia yake, ni euro 2,200 mwaka wa neema na euro 1,375 mwaka mbaya. Kinu kikitoza senti 15 kwa kilo ya zeituni ni euro 600 na euro 225.

Jumlisheni. Mwaka wa neema shamba limegharimu euro 4,600 kwa kilo 640 za mafuta, sawa na euro 7.19 kwa kilo. Mwaka wa kupumzika limegharimu euro 3,400 kwa kilo 240 tu, sawa na euro 14.17 kwa kilo. Mafuta ni yaleyale, ya miti ileile na mikono ileile. Mkikubaliana bei katika mwaka wa neema mtamuumiza mwaka unaofuata, na mkikubaliana katika mwaka mbaya wanachama wenu watashtuka na kuondoka. Chukueni miaka yote miwili pamoja: euro 8,000 kwa kilo 880, sawa na euro 9.09 kwa kilo. Hiyo ndiyo bei ya mafuta yakiwa bado kwenye tangi la mkulima, kabla ya madebe, usafiri na ushuru. Kumbukeni pia kwamba mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 0.916 hivi, na nimeona makubaliano mazuri yakiingia doa kwa sababu upande mmoja ulikuwa ukihesabu lita na mwingine kilo.

Ushauri wangu hauishii kwenye euro 9.09, kwa sababu bado hiyo ni bei ya kilo. Nendeni hatua moja mbele, mlipie shamba. Chukueni nusu ya mavuno yake, yawe yatakavyokuwa, na mlipe nusu ya gharama ya wastani wa mwaka. Wastani ni euro 4,000, nusu yake ni 2,000, na mkigawana kaya 40 ni euro 50 kwa kaya, kila mwaka, bila kupanda wala kushuka. Mwaka wa neema nusu yenu ni kilo 320, karibu lita 349, kila kaya inapata lita 8.7. Mwaka wa kupumzika ni kilo 120, karibu lita 131, kila kaya inapata lita 3.3. Kwa miaka miwili ni lita 12. Kilichobadilika ni kwamba mkulima anajua mwezi wa tatu kwamba fedha ya kutunza miti ipo, hata kama matawi hayana dalili ya kitu.

Mkiona lita 3.3 ni kidogo mno, mafuta mazuri ya zeituni yakihifadhiwa kwenye tangi la chuma kisichoshika kutu, gizani, mahali penye ubaridi wa nyuzi 15 hivi, bila hewa juu yake, hukaa vizuri miezi 18 hadi 24. Mwaka wa neema chukueni lita 6 kwa kaya na mwache lita 2.7 kwenye tangi lake, mwaka unaofuata mtapata lita 6 tena. Yatakuwa yamepoteza ukali kiasi. Mwaka wa mavuno uandikwe waziwazi, na mlipeni kwa kuyatunza, kwa sababu tangi na gesi ya naitrojeni ya kufukuza hewa vina gharama zake.

Kwa nini nusu na si mavuno yote? Kaya 40 zinaweza kusambaratika. Mtu anahama, mwingine anapoteza kazi, mratibu anachoka. Mkulima aliyeweka miti yake yote mikononi mwenu ataanguka nanyi siku mtakayoanguka. Nusu inayobaki auze apendavyo, na bei ya soko ikipaa kama mwaka 2024 afaidi yeye. Mkataba useme tu kwamba sehemu yenu inapimwa kwanza, kinuni, kabla debe lolote halijatoka. Ile hesabu ya gharama irudiwe kila baada ya miaka miwili mkiwa mmekaa naye pamoja, kwa kuwa ujira na mbolea havisubiri.

Haya, malipo ya awali. Swali lako limeyaweka kama hatari inayowajia nyinyi, na ipo, lakini angalia kwanza hatari aliyonayo yeye. Katika mfano wetu anahitaji euro 2,200 za kuchumia ndani ya wiki chache, kabla hajauza hata tone. Vibarua wanalipwa wiki kwa wiki. Kinu kinataka fedha, na sehemu nyingi asiyekuwa nazo anakatwa mafuta. Ndipo dalali anapotokea mwezi wa tisa na fedha mkononi. Tuseme anampa euro 3 kwa kila kilo ya mafuta yatakayotoka Desemba, kwa masharti kwamba bei ya mwisho itapunguzwa senti 50. Sikieni ukubwa wa riba hiyo: senti 50 juu ya euro 3 ni karibu asilimia 17, kwa miezi mitatu. Na Desemba, tangi likiwa limejaa kila mahali na bei iko chini, mkulima hana pa kwenda. Mimi naamini kwamba tarehe ya malipo humsaidia mkulima mdogo kuliko kiasi cha malipo. Euro 8 mwezi wa kumi zinamwondoa mikononi mwa dalali, lakini euro 10 mwezi wa nne zinaweza kuja wakati mafuta yameshauzwa kwa bei ya kutupa.

Jambo hili limejaribiwa sana. Huko Japani, tangu miaka ya 1970, kaya za mjini ziliingia makubaliano ya moja kwa moja na wakulima wa kilimo hai chini ya utaratibu unaoitwa teikei. Mwaka 1986 mashamba mawili ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza kuuza hisa za mavuno kabla ya msimu. Ufaransa vyama vya aina hiyo, vinavyoitwa AMAP, vilianza mwaka 2001 huko Provence, na mkataba wake unalipiwa mwanzoni mwa msimu. Italia ina vikundi vya kaya vinavyonunua kwa pamoja, GAS, tangu 1994 kilipoanzishwa cha kwanza Fidenza, na mafuta ya zeituni ni miongoni mwa bidhaa zao za kudumu. Mboga zinavumilia makubaliano ya msimu mmoja. Mzeituni hauvumilii, ndiyo maana nawaambia msitie saini ya chini ya miaka miwili, na minne ni bora.

Ili nanyi mlale usingizi, gawanyeni zile euro 2,000 mara tatu: 600 baada ya kupogoa, 800 wiki chache kabla ya kuchuma, 600 baada ya majibu ya maabara na mzigo kufika. Kabla ya awamu ya pili mwombeni picha za matawi, kwa sababu kufikia kiangazi matunda yameshashika na mkulima mzoefu anaweza kukisia mavuno. Lakini karatasi inayosema ukweli kuliko zote ni stakabadhi ya kinu. Inaonyesha siku, kilo za zeituni zilizoingia na kilo za mafuta yaliyotoka. Mkulima akikubali kuwapa stakabadhi zote za msimu, mna kila kitu cha kuhakikisha nusu yenu ni nusu kweli. Akikataa, simameni hapo kwanza.

Tenganisheni pia hasara za aina mbili. Mvua ya mawe, baridi kali wakati wa maua, ukame, nzi aliyeharibu matunda pamoja na jitihada zote: hizo mnabeba pamoja, mnapata kidogo na fedha hairudi. Mafuta yaliyoharibika kwa uzembe, hayo ni yake. Na kuna majanga yanayopita uwezo wa makubaliano yoyote. Huko Puglia, kusini mwa Italia, bakteria wa Xylella fastidiosa waligunduliwa mwaka 2013 na tangu hapo wameua mizeituni kwa mamilioni, mingine ikiwa ya karne nyingi. Andikeni mapema mtafanya nini miti ikifa: mtaendelea kulipa mwaka mmoja ili apande upya, au mtaachana kwa amani. Ni rahisi kuliandika hilo wakati miti iko kijani. Kwa mkulima wa Palestina ambaye miti yake iko ng'ambo ya ukuta wa utenganisho uliojengwa na Israel, hatari ni nyingine: anahitaji kibali kufika shambani kwake, na siku za kuchuma alizonyimwa nazo ziingie kwenye hesabu ya gharama.

Mtaniuliza juu ya nembo. Mwaka 2009 mafuta ya zeituni ya wakulima wa Palestina yaliingia soko la Uingereza yakiwa ya kwanza duniani kubeba nembo ya Fairtrade, na nembo hiyo huweka bei ya chini isiyovukwa pamoja na nyongeza inayokwenda kwenye chama cha wakulima kwa mambo ya pamoja. Ni kitu kizuri kwa mnunuzi asiyeweza kumjua mkulima. Nyinyi mnamjua, kwa hiyo msimbebeshe gharama ya ukaguzi. Ila muulizeni kama ni mwanachama wa ushirika, na muulize mapema. Katiba za vyama vingi humtaka mwanachama apeleke mavuno yake yote chamani, na kikundi chenye nia njema kinaweza kumtia mwenyeji wake matatani kwa kununua mlangoni. Ikiwa ndivyo, zungumzeni na chama. Mara nyingi wanakubali kutenga fungu la mkulima mmoja, na huenda mkapata jirani zake watano pia.

Upande wa ubora, msione aibu kudai. Haki haimaanishi mnywe mafuta mabaya. Ekstra vajini kwa kiwango cha kimataifa lazima iwe na asidi huru isiyozidi asilimia 0.8, thamani ya peroksidi, yaani kipimo cha jinsi hewa ilivyoanza kuyaharibu mafuta, isiyozidi 20, na jopo la waonjaji lisikute kasoro hata moja. Asidi hiyo haionjeki kwa ulimi, kwa hiyo dai karatasi ya maabara. Kinachoonjeka ni uchungu na ule ukali unaowasha kooni hadi mtu akakohoa, na wanachama wenu wengi watalalamika kwamba mafuta yameharibika. Waelezeni kwamba ukali ule unatokana na oleokanthali, kampaundi iliyomo kwenye mafuta mapya yaliyotoka kwa zeituni mbichi na nzima.

Ubora huo unaanza na namna ya kubeba. Zeituni ikishatoka mtini huanza kuharibika saa hiyohiyo. Tia mkono katikati ya gunia lililokaa kinuni siku mbili likingoja zamu: ndani ni moto, matunda ya chini yamepondeka na kutoa maji ya zambarau, na harufu ni ya kitu kilichochacha. Mafuta ya gunia hilo hayatapona, kinu kiwe kizuri namna gani. Mkulima anayebeba kwa kreti zenye matundu, akapeleka kinuni jioni ya siku aliyochuma, anafanya safari nyingi zaidi na ananunua kreti. Gharama hizo ziwe kwenye hesabu yenu. Hali kadhalika kinu kinachokanda rojo la zeituni zilizopondwa chini ya nyuzi 27 hutoa mafuta pungufu kidogo kuliko kinachopasha moto.

Na hapa pana mtego ambao wanunuzi wengi hawauoni. Zeituni iliyochumwa mapema, ikiwa ya kijani, inatoa mafuta bora na machache, pengine kilo 12 tu kwa kila kilo 100. Ikiachwa iive hadi iwe nyeusi inaweza kutoa 20. Mkulima anayelipwa kwa kilo ya mafuta anapata hasara kila siku anayochuma mapema, kisha mnamlaumu kwa kuchelewa. Rudieni mfano wetu kwa asilimia 12: kilo 5,500 za miaka miwili zinatoa kilo 660 badala ya 880, na bei inapanda kutoka euro 9.09 hadi euro 12.12. Kwa utaratibu wa kulipia shamba, kaya inalipa euro 50 zilezile na inapata lita 9 kwa miaka miwili badala ya 12. Huo ni uamuzi wenu kwenye mkutano, lita 12 za kawaida au lita 9 za mwanzo wa msimu, na mkulima halazimiki kuulipia ubora wenu kutoka mfukoni mwake. Mimi ningechagua zile 9, na miti nayo ingenufaika, kwa kuwa kuchuma mapema kunaipa nafasi ya kujiandaa kwa mwaka unaofuata.

Kidogo juu ya ile mipango ya kwenye tovuti ya kuasili mti mmoja na kupewa cheti chenye namba yake. Hakuna ubaya, lakini mti mmoja haukamuliwi peke yake. Vinu vingi havikubali fungu chini ya kilo mia mbili au tatu, kwa hiyo mafuta ya mti wako yamechanganyika na ya jirani zake. Kama fedha inalipia shamba zima, sawa. Kama mwenye tovuti anabaki na nusu yake na mkulima anapewa bei ya kinuni, huyo ni dalali yuleyule.

Hata sheria zimeanza kuelekea huku. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2019, ulikataza wanunuzi wakubwa kuwacheleweshea malipo wauzaji wa chakula walio wadogo kuliko wao zaidi ya siku 30 kwa vitu vinavyoharibika upesi na siku 60 kwa vingine. Hispania mwaka 2021 ikaenda mbali zaidi na kumtaka kila mnunuzi katika mnyororo wa chakula amlipe muuzaji wake angalau gharama yake ya uzalishaji. Muone mlivyo mbele: siku 60 baada ya kupokea mzigo ndizo sheria inazozihesabu kuwa ustaarabu, nanyi mnajadili kulipa kabla.

Wakati mzuri wa kuzungumza naye ni baada ya mavuno, akiwa kwenye kupogoa, kwa sababu vibarua wameshalipwa, hana haraka, na gharama za msimu bado zi kichwani. Msiende na bei. Nendeni na daftari, na mwombeni stakabadhi za kinu za misimu minne iliyopita. Miwili niliyotumia kwenye mfano inatosha kueleza hesabu, lakini haitoshi kupanga bei, maana mmoja kati yake unaweza kuwa wa ukame. Kwa misimu minne mtaona neema mbili na mapumziko mawili. Kisha kaeni naye mhesabu siku za kazi, za mkewe zikiwemo, akiwepo mkewe mwenyewe azitaje.